Habari za Gundi, Majeruhi Asiyetikisika

Sogeeni mlio karibu, na mlio mbali panueni masikio. Acheni vyungu vichemke peke yake, acheni simu zilie mpaka zichoke, kwa maana leo sisimulii habari za wafalme waliogombea miji wala za majeshi yaliyovuka mito usiku na mchana. Hayo yamesimuliwa mpaka yamechujuka. Mimi nawaletea habari za mtu aliyelala chini, akalala sana, akalala kwa ushujaa ambao jua lenyewe liliuchungulia dirishani likastaajabu. Na kama yupo asiyeamini kwamba kulala ni kazi, basi na akalale yeye chini ya madawati kumi na manne mabovu, mguu umepakwa sharubati, kisha aje anisute.

Shujaa huyo aliitwa Gundi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, tena zuri, lakini mtaa mzima ulikwisha kulisahau, na yeye mwenyewe alilikumbuka tu alipodaiwa kitambulisho. Alikuwa fundi viatu, aketiye penye kona ya barabara juu ya kigoda cha miguu mitatu, nyundo mkononi, misumari midomoni, kopo la gundi kando ya goti. Gundi mfufua soli! Gundi mwenye sindano isiyokosea! Gundi bwana wa kesho! Kwa maana hakikuingia kiatu mikononi mwake pasipo kupewa ahadi ya kesho, na haikupata kutokea kesho yake ikafika siku iliyofuata. Ukimpa kiatu Jumatatu, kesho. Ukirudi Jumanne, kesho. Wapo waliokwisha kununua viatu vipya, wakavichakaza, wakampelekea navyo, na vile vya kwanza bado vinaning'inia kwenye msumari. Wala hakuwa mwongo. Kila alipoitamka kesho aliiamini kwa moyo wake wote, na huo ndio ubaya wa watu wa namna hiyo.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita. Katika mvua za mwaka uliotangulia ulianguka ukuta. Ulikuwa na ufa kwa miaka mitatu, na ufa huo ulikwisha kujadiliwa katika mikutano minne ya mtaa, ukaundiwa kamati ndogo ya kuutazama, nayo ikautazama. Ukuta haukungoja mkutano wa tano. Uliporomoka saa mbili asubuhi juu ya banda la kufulia la mke wa Gundi, dobi wa mtaa, ambaye watu humwita Mama Pacha kwa ajili ya mabinti zake wawili waliokwisha kuolewa, ukambana mguu asiweze kutoka. Watu wakaja, wengi mno, wakasema pole kwa sauti nzuri. Lakini koleo la kuzolea kifusi lilikuwa moja tu mtaani, na mwenye nalo alikuwa amesafiri na ufunguo wa stoo. Jirani mmoja akakimbia mpaka kwenye kona kumwita mume. Gundi akasema, "Nakuja sasa hivi." Alifika saa sita mchana, watu wamekwisha kuuondoa ukuta kwa mikono, tofali baada ya tofali. Kwa nini alichelewa, watu waliuliza siku mbili, na siku ya tatu wakaacha, kwani kuchelewa kwa Gundi hakukuwa habari. Mama Pacha hakuuliza hata mara moja. Tangu siku ile anachechemea.

Kutoka katika kifusi hicho ikazaliwa Kamati ya Kujitolea ya Maafa na Dharura, nayo ikakua haraka kama boga penye mbolea. Usiniulize ilifanya nini. Uliza ilikuwa na nini! Ilikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, na wajumbe wanne wa heshima. Ilikuwa na vizibao saba vya kung'aa, vya rangi ya limau, ambavyo wenye navyo walivivaa hata kwenye harusi. Ilikuwa na firimbi saba, kipaza sauti kimoja, muhuri wa mviringo, bango la kitambaa, na machela mpya iliyokuwa bado ndani ya nailoni yake ili isichafuke. Na koleo je? Ndugu zangu, koleo lilikuwa kwenye ajenda. Lilikuwa namba tisa, chini kabisa, na mwaka mzima kikao hakijapata kufika namba tisa kabla ya kufungwa kwa sala.

Basi ikatangazwa kwamba mkaguzi kutoka wilayani atakuja kuitazama kamati ikifanya zoezi la uokoaji. Jengo litadhaniwa limeanguka, mtu atadhaniwa yuko chini yake, na mashujaa saba watamtoa. Mwenyekiti, mstaafu wa ofisi ambayo hakuna aliyejua ilishughulika na nini, bwana wa ajenda, mwenye koo lisilokauka, akasimama mbele ya wajumbe akanena.

"Ndugu wajumbe! Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ndio wazibaji! Sisi ndio ngome! Lakini uokoaji bila majeruhi ni harusi bila bibi arusi. Nani kati yetu yuko tayari kulala vumbini kwa ajili ya umma?"

Wajumbe wakatazama vizibao vyao, vilivyopigwa pasi jana yake, kisha wakatazama sakafu. Hapo ndipo sauti ikatoka mlangoni, mahali anapokaa asiye na kizibao.

"Mimi nitalala," alisema Gundi.

Alikuwa amehudhuria kila kikao tangu kamati ianze, naye hakuwa na cheo wala firimbi. Wengine walidhani anafuata chai. Hakufuata chai. Kulikuwa na kitu kilichomkereketa moyoni tangu siku ya ukuta, na alikuwa hajakitaja kwa mtu yeyote.

Makamu akacheka. "Gundi wewe? Umwambie mtu kwamba utakaa mahali pamoja mpaka kazi iishe? Nakupa nusu saa."

"Sitatoka mpaka nitolewe," akasema Gundi, na kwa kuwa walizidi kucheka, akainua mkono wa kuume akaapa.

Neno hilo lilimfikia Mama Pacha kabla mwenye kuapa hajafika nyumbani. Alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa.

"Umeapa mbele za watu, Baba Pacha," alimwambia. "Safari hii usiniletee maelezo."

Siku ikawadia. Saa tatu kamili asubuhi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, Gundi alilazwa chali sakafuni, wakamjengea juu yake gofu la madawati kumi na manne yaliyovunjika, mifuko mitupu ya saruji na mlango wa zamani wa choo. Katibu, mwenye mwandiko wa duara, ndiye aliyekuwa msanii wa shughuli. Akamfunga Gundi bendeji juu ya suruali. Akataka damu, rangi nyekundu ikakosekana, akamimina nusu chupa ya sharubati. Akamvika shingoni kadi iliyosema: AMEVUNJIKA MGUU. HAJITAMBUI. Kisha akachora mstari wa chaki kizingitini, upande wa huku hatari, upande wa kule salama, akampa amri tatu.

"Husogei. Husemi. Hujiokoi. Umeelewa?"

Gundi akataka kuitikia, akakumbuka kwamba hajitambui, akanyamaza. Vita vikaanza hapo.

Inafaa mjue jambo moja kuhusu katibu huyo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno kiasi kwamba haukuweza kuharakishwa. Kwa hiyo desturi ya kamati ilikuwa kuandika taarifa ya jambo siku moja kabla ya jambo. Taarifa ya zoezi ilikuwa tayari ndani ya daftari kubwa jeusi tangu jana jioni, ikiwa na mistari iliyopigwa kwa rula: "Saa tatu na dakika tisa, majeruhi alitolewa akiwa hai. Muda wa uokoaji: dakika tisa." Ilibaki kupigwa muhuri tu.

Dakika tisa zikapita. Barazani, upande wa pili wa dirisha, machela ilitolewa kwenye nailoni, na hapo hapo jeshi la vizibao likagawanyika. Kwa maana machela ina mbele na ina nyuma, na mpiga picha alikuwa amesimama mbele.

"Mimi ndiye makamu. Nashika mbele kulia."

"Makamu wa nini? Mbele ni ya mtu mwenye mabega. Wewe hata jeneza la shemeji yako ulishika katikati, tukabeba na wewe."

"Rudia hilo neno!"

"Nitalirudia, na nitalipigia firimbi!"

Gundi alisikia yote, mpaka mlio wa firimbi. Lakini wakati huo maadui wengine walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka. Sharubati, enyi wasikilizaji, si damu, na sisimizi wanaijua tofauti. Walitoka katika ufa wa ukutani, wa kwanza mmoja, mpelelezi, akaonja kifundo cha mguu, akarudi kwao na habari njema. Kisha wakaja vikosi kwa vikosi, wembamba, weusi, wenye nidhamu ambayo kamati haijapata kuiona, wakapanda kisigino, wakaizingira bendeji, wakapenya chini yake, wakashika njia ya gotini. Ah, Gundi! Nani atakayeziimba dakika zile? Kila unywele wa mguu ulipiga kelele. Vidole vilitaka kujikunja. Goti liliomba ruhusa. Naye akawa gogo. Akafumba macho, akauma ulimi, akaanza kuhesabu soli zote alizopata kushona maishani, na sisimizi wakapanda na kushuka mpaka chupa ya katibu ikaisha utamu.

Saa nne na robo, akaja adui wa tatu, naye alikuwa na miguu miwili na mkoba.

Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mwanamke mrefu asiyesahau tarehe. Alikwenda kwenye kona akakuta kigoda kitupu, akaulizia, akaambiwa fundi yuko ukumbini, akaingia kwa mlango wa nyuma, akainama, akaona uso wa mtu wake kati ya miguu ya dawati.

"Gundi! Viatu vyangu viko wapi?"

Kimya.

"Nakuuliza wewe. Vyeusi, vya kamba. Ulinipa kesho tarehe nne. Leo ni tarehe ishirini na saba. Hiyo kesho yako ina siku ishirini na tatu, Gundi, na mimi nafundisha na kandambili!"

Fikirini mtihani huo! Jibu alikuwa nalo. Viatu vilikuwa tayari, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu mama huyo. Alivimaliza jana kusudi, viko chini ya kigoda ndani ya mfuko wa bluu. Sentensi moja tu ingemwokoa na kumtukuza. Ikamfika kooni, ikagonga meno, akaimeza.

Mwalimu akaisoma kadi. "Hajitambui," akasema polepole. "Miaka yote nimekuona ukinikwepa, Gundi. Umejificha nyuma ya mti, umejifanya unaongea na simu. Lakini hili la kuzirai ili usinipe viatu vyangu, hili ni jipya. Nitamtafuta mkeo." Akaondoka, visigino vya kandambili vikipiga sakafu.

Saa tano ikaja na kupita. Machela ilikuwa imepata wabebaji wake kwa kupiga kura ya siri, nao walikuwa tayari kuingia. Lakini mwenyekiti akainua mkono.

"Simameni! Mgeni rasmi hajafika. Hamwezi kumwokoa mtu kabla mgeni rasmi hajafungua uokoaji. Hizo ni taratibu."

"Na Gundi?" akauliza mjumbe mmoja.

"Gundi atakuwa ameondoka zamani," akasema makamu. "Si unamjua." Wote wakacheka, kwa kuwa wote walimjua. Hakuna aliyekwenda kuchungulia.

Gundi alisikia hilo neno la mwisho vizuri kuliko yote, na ndilo lililomwingia kuliko sisimizi. Alilala akitazama msumari uliochomoza kwenye dawati juu ya pua yake, akaona kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyejenga gofu hili, ahadi baada ya ahadi, miaka ishirini. Mtu wa kesho hatafutwi leo.

Mkaguzi aliingia saa sita kasoro, mwanamke mnene mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, kwa kuwa gari lake lilikuwa limeharibika njiani akamalizia safari kwa pikipiki. Alikuwa na haya ya kuchelewa.

"Mnisamehe sana, ndugu zangu. Natumaini hamkunisubiri. Mlianza?"

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu alitazama daftari. Kuna nyakati katika historia ya watu ambapo kweli na uongo husimama mlango mmoja, na aliye karibu na kitasa ndiye huamua.

"Tulianza, mheshimiwa," akasema mwenyekiti. "Tena tukamaliza."

Basi taarifa ikasomwa kwa kipaza sauti, kwa madaha yote, mpaka dirisha la nyuma likatetemeka. Gundi akajisikia akiokolewa. Alisikia jinsi vumbi lilivyotimuliwa, jinsi wajumbe walivyoingia bila kujali maisha yao, jinsi yeye mwenyewe alivyotolewa kwa dakika tisa, akafumbua macho na kusema "asanteni kamati." Watu wakapiga makofi. Machela ikapitishwa mbele ya mkaguzi ili aone kwamba haikupata hata doa. Zikafuata hotuba, mwenyekiti kwanza, makamu baadaye, kisha wajumbe wanne kwa mpangilio wa umri. Halafu harufu ya chakula ikaja dirishani, na mlio wa vijiko.

Hapo, nawaambieni, ndipo alipokuwa karibu sana kuinuka. Nini kilichobaki cha kulinda? Kamati ilikwisha kumwokoa. Angetoka kwa mlango wa nyuma, akaoga, akaenda kwenye kona yake, na hakuna ambaye angejua. Alikwisha hata kuinua bega. Kisha akasikia nyayo barazani, akatega sikio: huyo anakuja. Hazikuja. Zikasikika nyingine, nazo zikapita. Akatambua kwamba amekuwa akizihesabu tangu saa tano, na kwamba amefika mia moja na arobaini na kitu, na kwamba kila hatua aliifikiria ndiyo yenyewe. Yule mwingine, mwaka jana, chini ya matofali ya kweli, je, yeye alihesabu ngapi? Akarudisha bega sakafuni.

Mama Pacha aliingia saa saba na dakika chache, furushi la nguo za wateja kichwani, mguu mmoja ukivuta nyuma ya mwingine. Mwalimu wa hesabu alikuwa mbele yake.

"Si nilikwambia? Huyo hapo. Mwulize viatu."

Mama Pacha akashusha furushi. Akainama akaisoma kadi mpaka mwisho. Hakucheka.

"Amelala hapa tangu saa ngapi?"

"Mimi nilimkuta saa nne na robo. Barazani wanasema walimtoa saa tatu na dakika tisa. Hesabu haziendani."

"Baba Pacha."

Kimya.

"Baba Pacha, hao wanaokuokoa wanakula."

Ukope mmoja ukatetemeka, ukatulia.

"Anasikia huyo!" akasema mwalimu. "Anajifanya tu."

"Mwache. Kadi imesema hajitambui." Mama Pacha akakaa kwenye dawati lililopinduka, akanyoosha mguu wake mbovu, akasema kama anayeongea na nguo kwenye beseni, "Mimi nilikuwa nahesabu nyayo. Kila aliyepita nikasema, huyu ndiye. Nilifika mia mbili na kitu, nikaacha. Ukiacha kuhesabu ndipo inapouma kweli."

Kisha akainuka, akakaza kitambaa kichwani, akashika dawati la kwanza. Ndipo uokoaji ulipoanza, enyi mliosikiliza! Pasipo firimbi! Pasipo kura! Dawati la kwanza likaondoka, na la pili, na mlango wa choo ukaegeshwa ukutani, mwalimu akivuta huku na dobi akivuta kule, mpaka yakatimia kumi na manne. Machela haikuwepo, ilikuwa inapigwa picha. Mama Pacha akafungua furushi, akatoa shuka nyeupe ya mteja, akaikunja nusu kwa urefu, akamgeuza mumewe ubavu, akaisukuma chini ya mgongo wake, akamgeuza upande wa pili, akaivuta. Ikakaa sawasawa bila hata kunyanzi, kwa kuwa mikono hiyo imeshika mashuka maisha yake yote. Akashika pembe mbili za kichwani. Mwalimu akashika za miguuni, akalalamika kuhusu sisimizi. Wakavuta. Gundi hakuwa mwepesi. Wakapumzika mara tatu, na mara ya tatu Mama Pacha alijishika nyonga akang'ata meno, lakini hakuachia pembe. Kisha kichwa cha Gundi kikavuka mstari wa chaki, na mabega, na visigino vyenye sharubati.

Hapo akafumbua macho.

"Mama Pacha," akasema, na sauti ilikuwa imekauka. "Siku ile jirani alipokuja kuniita, nilikuwa namalizia kisigino."

Mama Pacha alikuwa bado anahema. "Najua."

"Unajua?"

"Mwenye kiatu alikuja kunipa pole. Akanionyesha. Akasema kisigino kimekaa vizuri."

"Nilidhani ni dakika tano. Kikafuata na cha pili. Sikujua ni ukuta mzima. Hapana, nilijua. Aliniambia." Akautazama mguu wa mkewe. "Mbona hukunisema mwaka mzima?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mimi nimeolewa na fundi, kungoja nimezoea."

Mwalimu wa hesabu alijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Mama Pacha akajifuta uso kwa kiwiko, akashika tena zile pembe.

"Hatuishii hapa," akasema. "Vuta, mwalimu."

Ikawa mwenyekiti yuko katikati ya neno la shukrani, kijiko mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, mara mlango wa barazani ukafunguka, na mbele ya meza kuu ikapita shuka ikiburutwa na wanawake wawili, na juu ya shuka mtu mwenye bendeji, na nyuma yake mstari mwembamba mwekundu, na nyuma ya mstari sisimizi waliobaki. Vijiko vikasimama hewani. Lakini mwenyekiti hakuwa bwana wa ajenda bure.

"Na hili, mheshimiwa mkaguzi," akanguruma, "ni zoezi letu la pili! La kushtukiza!"

Vizibao saba vikapiga makofi kama mvua ya mawe juu ya bati. Mkaguzi hakupiga. Akasukuma sahani, akaja akachuchumaa karibu na shuka.

"Wewe ni majeruhi wa pili?"

"Ni wa kwanza," akasema Gundi. "Wa pili hayupo."

"Uliokolewa saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Na uliingia humo saa ngapi?"

"Saa tatu kamili."

Mwalimu wa hesabu akatazama saa yake. Hakuna aliyemwomba, lakini yako mambo ambayo mwalimu hawezi kuyavumilia. "Saa tatu kamili mpaka saa saba na dakika ishirini. Saa nne na dakika ishirini."

"Amenipita kwa dakika ishirini," akasema Mama Pacha.

"Amekupita kwa nini, mama?"

"Mimi nilikaa saa nne. Mwaka jana. Ule ulikuwa ukuta wa kweli." Akaelekeza kidevu kwenye meza. "Hawa walianzishwa kwa ajili yangu."

Ndipo kwa mara ya kwanza tangu kuundwa kwake kamati ikakosa la kusema. Mkaguzi akamgeukia Gundi.

"Lakini wewe ulikuwa mzima, baba. Kwa nini hukutoka?"

"Niliapa sitatoka mpaka nitolewe. Halafu baadaye nikataka kujua inakuwaje." Akafikiri kidogo. "Ni ndefu."

Mkaguzi akaomba daftari jeusi. Katibu akalikumbatia, akaliachia kidole kimoja kimoja. Mkaguzi akaufungua ukurasa wa siku ile, akausoma, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya dakika tisa. Katibu akatoa sauti ndogo, kwa kuwa lilikuwa neno lililoandikwa vizuri kuliko yote. Juu yake mkaguzi akaandika kwa mwandiko mbaya, wa mtu aliyeshikilia pikipiki safari nzima: saa nne na dakika ishirini. Akauliza waokoaji ni akina nani, akaandika chini yake: dobi mmoja, mwalimu mmoja, shuka moja. Akamgeuzia mwenyekiti ukurasa, akamwekea kalamu.

Vita vya mwisho vilikuwa hapo, na vilipiganwa kwa kalamu isiyotaka kushuka. Mwenyekiti alikohoa. Alitafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Alisema jambo hili ni zito, pengine lipelekwe kwenye kikao. Alimtazama makamu, na makamu alikuwa anavua kizibao taratibu, kama mtu aliyesikia joto. Kisha akamtazama Mama Pacha, ambaye alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mzima, mikono imekunjwa, hana haraka yoyote. Hakuna aliye na subira kumshinda mwanamke yule. Mwenyekiti akatia sahihi.

Pigeni basi vigelegele, enyi mlio hai, na waambieni watakaozaliwa! Simulieni kwamba katika mtaa wetu fundi viatu alikaa kwenye neno lake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akavumilia majeshi madogo na hotuba kubwa, akatolewa kwa shuka ya watu wengine. Miji imejengwa kwa machache kuliko hayo, na kuta zimeanguka kwa machache kuliko hayo. Daftari lile lipo mpaka leo kabatini mwa kamati, lina kurasa tisini na sita, zimejaa dakika tisa na dakika tano na mafanikio makubwa, zote kwa mwandiko wa duara. Na ukiufungua ukurasa wa arobaini na moja, penye ule mwandiko mbaya, utakuta mstari mmoja ambao ni kweli.